Kocha wa Mlimani, Shemeji wa Mezani

Izidor Kavčnik alipanda kwenye mizani akiwa uchi wa mnyama, soksi moja mkononi, na mizani ikamwambia kilo sitini na moja na nusu. Akashuka, akaitupa soksi kitandani, akapanda tena, utadhani soksi ile ndiyo iliyokuwa ikimchongea. Sitini na moja na nusu, vilevile.

"Babu Nne, hata ukinyoa nyusi haishuki," alisema Tilen kutoka kitanda cha pili, bila kufungua macho.

"Lala wewe. Jana nimekusikia unataja soseji usingizini."

"Sikuwa naota. Nilikuwa nasali."

Tilen alikuwa na miaka ishirini na alirushwa na upepo wowote uliopita, hata wa feni. Izidor alikuwa na thelathini na minne, na kila gramu aliigombania. Uzito ukipungua kupita kiasi, sheria inakufupishia zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kurukia kwenye kilima cha theluji; ukizidi, hewa yenyewe inakukataa. Kwa hiyo miaka kumi na miwili alikuwa ameishi pale katikati, kwenye tufaha moja asubuhi na supu nyepesi jioni, akinusa vyakula vya watu kama paka wa mgahawani.

Na kwa miaka hiyo kumi na miwili ya njaa alikuwa ameambulia nini? Nafasi ya nne. Nne Austria, nne Ujerumani, nne Norwei mara mbili, nne hapa hapa nyumbani Planica mbele ya mama yake mzazi. Ndipo watu wakamwita Babu Nne, na yeye akacheka pamoja nao, kwa sababu ukikataa kucheka jina linaganda zaidi.

Lakini msimu huu ulikuwa umemgeukia. Msimu wa kupaa ni mfupi, maana vilima vikubwa kiasi hicho, vya kumtupa mtu mita mia mbili na zaidi, hesabu yake haimalizi vidole vya mkono mmoja. Januari, kule Kulm, alitoka wa pili. Wiki ya pili yake, Oberstdorf, alishinda. Alishinda kweli, akasimama juu ya jukwaa akiwa hajui mikono aiweke wapi. Aliporudi nyumbani alitafuta ubao wa mcheri, akachonga rafu, na katikati ya rafu akachimba kibonde cha duara. Hapo ndipo lingekaa tufe la kioo, lile wanalopewa mpaaji bora wa msimu, dogo tu, kama tikiti changa. Mkewe Neža aliitazama rafu ile na kusema, "Unaandaa kitanda, mimba haijatungwa."

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Machi, shindano la mwisho la msimu. Shirikisho lilikuwa limeshamwambia kwa adabu zote kwamba mwakani nafasi yake ni ya kijana. Kati yake na Mnorwei Haugli alama zilikuwa sawa kabisa. Hesabu ya siku hiyo hata mtoto angeiweza: atakayemtangulia mwenzake leo, tufe ni lake.

Kocha wake alikuwa Ciril, na Ciril alikuwa kaka yake Neža. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwaka wa kwanza wa ndoa wanaume wale wawili walikuwa wakileta kilima mpaka mezani, wakibishana juu ya pembe za magoti huku chakula kikipoa, mpaka Neža akapiga mwiko mezani na kutunga sheria: "Mlimani ni kocha. Mezani ni shemeji. Atakayekosea ataosha vyombo vyote, na masufuria." Sheria ilishika. Hata Brina, binti yao wa miaka sita, alikuwa refa wake, na refa mkali: alimsikia baba yake akiteleza ulimi hata akiwa chumba cha pili.

Basi kule mlimani Izidor hakuwahi kumwita Ciril shemeji. Hata wiki tatu nyuma, kule Vikersund.

Vikersund alikuwa ametua mita mia mbili arobaini na tatu. Huko mbele kilima kinaanza kulala, na ardhi haikupokei tena, inakupiga. Goti lilikunjika, ubao wa kushoto ukauma theluji, na Izidor akateremka kwa mgongo mpaka kwenye uzio. Alilala pale dakika moja na sekunde arobaini. Alipozinduka, neno lake la kwanza kwa daktari lilikuwa, "Mita ngapi?" Hotelini walilicheka neno hilo mpaka machozi. Tilen alitaka lichapwe kwenye fulana.

Nyumbani hawakucheka. Nyumbani, mbele ya televisheni, Brina alikuwa ameuliza, "Mama, baba amelala?" na Neža hakuwa na la kumjibu kwa dakika moja na sekunde arobaini.

*

Mzunguko wa kwanza Izidor alitua mia mbili thelathini na tisa, safi, mguu mmoja mbele kama anapiga goti kanisani. Bonde zima lilipiga pembe. Akaongoza, Haugli akawa wa pili, nyuma yake kwa alama nne.

Kwenye kibanda cha kungojea kule juu walikaa wawili tu, magoti yakigusana, helmeti mapajani. Haugli alikuwa mrefu, mwenye ndevu za mbuzi, na hakuwa mtu mbaya, jambo ambalo lilikuwa likimuudhi Izidor kuliko yote.

"Nasikia umeshachonga rafu," Haugli alisema.

"Nani kakwambia?"

"Tilen. Ameiambia dunia nzima."

"Basi ipo. Ya mcheri."

"Nipe vipimo vyake. Nami nichonge."

"Vipimo nitakupa. Cha kuweka juu yake utajitafutia."

Haugli alicheka, akavaa helmeti, akamgonga Izidor kidogo begani. "Ruka vizuri, mzee." Akatoka. Baada ya muda kishindo kikapanda kutoka bondeni, kisha kikafa ghafla, na kufa kwake kulimwambia Izidor kila kitu: Haugli alikuwa ametua mbali. Mita mia mbili thelathini na sita, alisema mtu wa redio. Izidor akakadiria. Kwa kasi ileile, kwa upepo uleule, mia mbili thelathini na nne zilikuwa zinamtosha na chenji kubaki. Asubuhi hii alikuwa ameshatua thelathini na tisa. Alihisi tumbo lake tupu likitulia, kama mtu aliyekwisha kula.

Akashuka ngazi kuelekea kwenye ubao wa kukalia.

"Ngoja," alisema mtu wa geti.

Geti ni huo ubao wenyewe. Ukiwekwa juu, unateremka na kasi kubwa. Ukiwekwa chini, kasi inapungua na mruko unafupika. Kocha anaruhusiwa kumshushia mtu wake geti, na mtu huyo atalipwa alama za fidia kwa kasi aliyonyimwa. Makocha hufanya hivyo upepo wa mbele ukizidi, ili mtu wao asije akapeperushwa mpaka kule kubaya. Ila sheria ina meno: lazima utue mita mia mbili ishirini na nane. Ukipungukiwa hata unyayo, fidia hupati, na kasi ulikwisha kunyimwa.

Mtu wa geti akauchomoa ubao, akaupachika ngazi mbili chini.

"Nani kaomba?" Izidor aliuliza.

"Kocha wako."

Alitazama chini. Kwenye jukwaa la makocha, kando ya ukingo wa kurukia, koti la njano la Ciril lilikuwa dogo kama punje ya hindi. Izidor hakuhisi upepo wowote usoni. Lakini hiyo haikuwa kazi yake. Miaka minane walikuwa na makubaliano: huniulizi, sikuulizi, wewe ndiye mwenye macho. Ciril aliuona upepo kama wengine wanavyoona gari likija. Kama kashusha, basi kuna kitu kinapanda kutoka bondeni, na kitamkuta hewani, kimbebe.

Akakaa. Bendera ya Ciril ikaanguka. Akajiachia.

Kwenye ukingo alisukuma vizuri, vizuri mno, magoti yalifunguka kwa wakati. Mbao zikapanda mpaka karibu na masikio. Akalala juu ya hewa, akangoja ule mto, ule mkono unaokuja chini ya tumbo pale karibu na mita mia na themanini na kukuinua kama mzazi. Akangoja. Hewa ilikuwa imelala fofofo. Alijinyoosha mpaka vidole vya miguu vikauma, akaomba kila sentimita kwa jina lake, na theluji ikaja.

Alitua kwa mguu mmoja mbele, akanyanyua ngumi, kwa sababu jicho lake lilimwambia imetosha. Jicho lake lilikosea kwa nusu mita.

Mia mbili ishirini na saba na nusu.

Kwenye ubao wa matokeo, pale fidia inapoandikwa, kulikuwa na sifuri. Pembe za bondeni zilikatika kama zimezibwa pamba. Kati ya watu elfu thelathini Izidor alimsikia mmoja tu, mwanamke mmoja, akisema, "Haiwezekani," kwa sauti ya kawaida, kama aliyekosa basi.

Haugli alikuja kumkumbatia, naye alikuwa akilia. Hata kilio cha furaha alikuwa amemwahi.

*

Bibi mmoja wa kijiji cha Rateče, aliyemshangilia tangu akiwa mtoto, alimpenyezea soseji ya moto kupitia uzio, haradali ikichuruzika kwenye karatasi.

"Kula, mwanangu. Nne imekuwa mbili. Si haba, ni maendeleo."

Akaila palepale, soseji ya kwanza tangu Oktoba. Kwa miezi sita alikuwa ameiwaza. Ilikuwa na ladha ya karatasi.

Hatua chache kutoka hapo Ciril alikuwa mbele ya maikrofoni. "Upepo wa mbele ulipanda ghafla," alikuwa akisema. "Niliona hatari. Kocha yeyote angefanya vilevile." Hakugeuka upande wa Izidor.

Na ingeishia hapo, maana upepo ni mshtakiwa mzuri, haujitetei. Ila Tilen, kwa mara ya kwanza msimu mzima, alikuja bila utani. Alikuwa na karatasi ya matokeo mkononi, ile inayogawiwa kila timu, na karatasi ile haina adabu: inaandika kila kitu. Mita za kila mtu, kasi ya kila mtu, na upepo wa kila mtu.

"Babu," alisema, "hebu angalia safu ya mwisho. Labda mimi naona vibaya."

Haugli, upepo wa mbele: sifuri nukta sita. Kavčnik: sifuri nukta moja. Upepo ulikuwa haujapanda. Ulikuwa umekufa.

Ciril alikuwa kwenye kibanda cha kupakia mbao nta, amezifunga mbao za Izidor mezani, anazikwangua nta. Msimu ulikuwa umekwisha na mbao zile zisingeruka tena, lakini alikuwa akikwangua, na makombo meupe yakimwangukia viatuni.

"Upepo gani, kocha?"

"Umeiona karatasi."

"Nimeiona. Nikasema labda sijui kusoma. Shule yenyewe niliikimbia kuja kuruka."

Ciril alikwangua mara tatu, nne.

"Neža alinipigia simu," alisema. "Siku ile ya Vikersund. Ulikuwa bado unashonwa kidevu."

"Akasema nini?"

"Akasema kama utavuka tena mia mbili arobaini na bendera imo mkononi mwangu, nisikanyage kwake. Mimi ni kaka yake, Izi. Sijawahi kumsikia na sauti ile. Hata siku tuliyomzika baba."

"Na leo?"

"Leo ulitua thelathini na tisa na nikakuona goti lilivyotetemeka. Wewe hukuliona, mimi ninaliona. Nikajua ya pili utaitia yote, utapita arobaini. Nikapiga hesabu. Ngazi mbili chini, unatua thelathini, fidia unapata, tufe unapata, goti linabaki zima. Kila mtu anafurahi."

"Kila mtu."

"Nilihesabu upepo wa Haugli. Ukafa wewe ukiwa umeshakaa kwenye ubao. Zilikuwa zimebaki sekunde nne za kuangusha bendera. Ningesema nini kwa sekunde nne?"

"Kwa hiyo ukaiangusha."

"Nikaiangusha."

Nje watu walikuwa wakiimba, wimbo wa kujifariji, ule wa timu zinazofungwa. Izidor alisogea mpaka karibu, akashika kile kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Ciril, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nikuulize moja tu. Aliyeomba geti alikuwa kocha au alikuwa shemeji?"

Kikwangulio kilisimama.

"Shemeji," Ciril alisema.

"Hapa pameandikwa kocha. Shemeji hana kibali cha kupanda pale."

"Na ungevunjika?" Sasa Ciril naye sauti ilipanda. "Ungevunjika, ungeniita nani? Watu wanaoanguka hivyo mara ya pili hawamwiti mtu, Izi. Wanaitwa. Wanaitwa na hawaitiki. Mimi ndiye ningeshika simu kumwambia."

Izidor alikiachia kitambulisho. Alikuwa amejiandaa kukuta mtu mwoga, au mtu mjinga, na kumbe alimkuta mtu anayempenda. Mwoga ungemtukana ukamaliza.

*

Kila mwaka, siku ya shindano la mwisho, timu nzima hula kwa Neža. Ndiyo siku ya kuvunja njaa. Wanafika mchana jua likiwa bado juu ya milima, vijana tisa waliokonda kama nguzo za simu, na wanakula kama nzige. Neža huanza kupika tangu juzi yake: uji mzito wa shayiri na nyama ya moshi, kabichi chachu, viazi vya kukaanga na vitunguu, na potica, ule mkate wa kokwa za jozi unaookwa kwenye chombo cha duara chenye tundu katikati.

Alimpokea Izidor mlangoni. Alimshika kidevu, pale penye mshono, akautazama kwanza kabla ya kumtazama machoni.

"Ulimpigia Ciril," Izidor alisema.

"Nilimpigia."

"Ungenipigia mimi."

"Wewe ungesema sawa, mke wangu, halafu ungeruka."

Ni kweli, angeruka. Mkewe alimjua kuliko mizani. Izidor alipita, akavua viatu.

Ndani meza ilikuwa imejaa, mahali pa kuweka sahani hapakuwepo, na potica ilikuwa imetafutiwa pa kupoea. Ilikuwa juu ya rafu ya mcheri. Ilikaa sawasawa ndani ya kile kibonde, kana kwamba kilichongwa kwa ajili yake. Neža aliona anakotazama mumewe na akanyoosha mkono kuiondoa.

"Iache," Izidor alisema. "Angalau rafu imepata mtu."

Brina alimkwea mapajani. "Baba, tufe liko wapi?"

"Limekwenda Norwei."

"Litarudi lini?"

Vijana wote walitazama sahani zao.

"Kwanza linajifunza Kinorwei," Tilen alisema, na wakacheka kidogo, kicheko cha kukopa.

Ciril alifika wa mwisho, na chupa ya pombe ya peasi aliyopika mwenyewe. Alisimama mlangoni akimwangalia dada yake, naye dada yake akamwonyesha kiti chake, kilekile cha siku zote, mkabala na Izidor. Aliruhusiwa kukanyaga. Alikuwa ametimiza neno lake. Neža alimjazia sahani kuliko ya mtu yeyote, akaweka na nyama juu, na alipopita nyuma yake alimgusa bega kwa ncha za vidole. Izidor aliuona mguso ule. Uligusa bega moja tu mezani pale.

Walikula. Tilen alisimulia jinsi alivyotua vibaya Kulm na kofia ya jaji ikaruka. Mtu aliomba mkate. Izidor alimaliza sahani ya kwanza, ya pili, akajaziwa ya tatu. Hakuna aliyekuwa akimhesabia tena, na kila kijiko kilishuka kizito kama jiwe linalotupwa kisimani.

"Izi," Ciril alisema kwa upole, akimnyooshea chupa juu ya meza, "kidogo tu. Na shemeji yako."

Mkono ulibaki umenyooka. Izidor hakuisogeza glasi yake. Alifuta mdomo kwa kitambaa, taratibu, akakikunja.

"Kocha," alisema, "nipitishie chumvi."

"Baba!" Brina aliruka kutoka mapajani, amefurahi, kidole juu. "Umekosea! Hapa ni mezani! Vyombo vyote, na masufuria!"

"Sijakosea, mwanangu."

Neža alikuwa amesimama na upawa mkononi, mchuzi ukidondoka sakafuni tone kwa tone, na hakuufuta. Ciril alishusha chupa. Alikitafuta kikopo cha chumvi kilichokuwa mbele yake, akakikosa mara moja, akakisukuma mpaka ng'ambo.

"Hiyo hapo, Izidor," alisema. Kwa miaka minane hakuwa amelitamka jina lile mpaka mwisho wake.

"Lakini sheria ni sheria," Brina alisema, sasa kwa sauti ndogo, akiwatazama wakubwa mmoja mmoja. "Si ndiyo, mama?"

"Sheria ni sheria," Izidor alimjibu.

Akasimama, akakunja mikono ya shati, akaanza kukusanya sahani. Alianza na ya kocha, ambayo bado ilikuwa imejaa.